Kifafa cha mimba huanza mapema kuliko tunavyokipima

Na Mwandishi Wetu, Newala

Nyuma ya zahanati na vituo vya afya vinavyozalisha, kuanzia Masasi mjini hadi vijiji vya Newala juu ya uwanda wa Makonde, huwa kuna shimo lenye mfuniko wa zege. Kwenye michoro ya ujenzi limeandikwa waziwazi: shimo la kondo. Huchimbwa karibu na kichomea taka, mbali kidogo na wodi.

Mtoto akishalia na kitovu kikishakatwa, mkunga husubiri kondo la nyuma litoke. Likitoka halitupwi papo hapo. Hulilaza kwenye beseni, hulitandaza kwa viganja viwili, upande uliokuwa umeshikana na mama ukiwa juu, na kukagua kipande kwa kipande kuona kama vyote vipo. Kipande kikibaki tumboni, mama anaweza kutokwa damu hadi kufa. Kisha huligeuza upande wa mtoto, laini na unaong'aa, ambako mishipa inatawanyika kutoka kwenye kitovu. Akiridhika, huandika kwenye faili kwamba kondo limetoka lote. Baada ya hapo ni ndoo, halafu shimo.

Kondo la mimba iliyotimia lina uzito wa karibu nusu kilo na upana wa sentimita 20 na ushei. Limefanya kazi ya mapafu, figo na utumbo wa mtoto kwa miezi yote ya mimba. Wakati mwingine ndilo pia linaloeleza kwa nini mwanamke aliyekuwa mzima, aliyeokota korosho hadi mwezi wa saba, anafikishwa hospitali mwezi wa nane uso umevimba, kichwa kinapasuka, macho hayaoni vizuri, na kabla saa haijapita mwili mzima unaanza kutupwatupwa.

Wodini na mitaani ugonjwa huo unaitwa kifafa cha mimba. Madaktari hutenganisha hatua mbili: priklampsia, ambapo presha hupanda kufikia 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki ya 20, mara nyingi pamoja na protini kwenye mkojo; na eklampsia, ambapo degedege limekwisha kuanza. Priklampsia huwapata wanawake kati ya wawili na wanane katika kila wajawazito mia. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 ulikadiria kuwa presha za mimba husababisha takriban asilimia 14 ya vifo vya uzazi duniani.

Makala haya yanafuatilia chanzo cha ugonjwa huo, na chanzo chenyewe hakiko mwezi wa nane. Kiko katika miezi mitatu hadi mitano ya mwanzo, wakati seli fulani za kondo zinapaswa kusafiri. Safari yao inategemea milango midogo kiasi kwamba hakuna darubini ya hospitali yoyote ya wilaya inayoweza kuiona.

Hesabu ya kusini

Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, Newala ikiwamo, kwenye kaya zipatazo 226,000. Walipojumlisha, walipata vifo 712 vinavyohusiana na ujauzito kwa kila vizazi hai 100,000. Vifo vilivyotokana moja kwa moja na uzazi viliongezeka kadiri nyumba ya mama ilivyokuwa mbali na hospitali.

Anayeijua nchi hii hashangai. Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda. Ukisimama pale Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma lote liko chini yako, na ng'ambo ni Msumbiji. Masasi iko chini upande wa magharibi, kwenye tambarare yenye milima ya mawe. Kati ya juu na chini ni miteremko ya mchanga na udongo mwekundu ambayo wakati wa mvua humgeuza dereva wa bodaboda kuwa mtu wa kusukuma. Kwa miaka mingi wanawake wa juu waliteremka bondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Mwenye mimba aliteremka pia.

Hali imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000 nchini. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Vituo vya afya vimepewa vyumba vya upasuaji. Mpango wa m-mama umeweka namba ya bure, 115, ya kuita usafiri wa dharura. Hospitali ya Mkomaindo pale Masasi, Hospitali ya Mtakatifu Benedikto kule Ndanda na Hospitali ya Wilaya ya Newala zinapokea akina mama ambao kizazi kimoja nyuma wangefia nyumbani. Wakunga wa zahanati wanastahili sehemu kubwa ya sifa hizi, na ni haki kulisema hilo kabla ya jingine lolote.

Lakini kifafa cha mimba kina ukaidi wake. Anayetokwa damu hupewa dawa ya kubana tumbo la uzazi, hupewa damu, na mara nyingi anapona na mtoto wake. Mwenye kifafa cha mimba huteremshiwa presha na kuzuiwa degedege, ila ugonjwa wenyewe hauishi mpaka kondo litoke. Ukimshika wiki ya 38, anazalishwa na hadithi inakwisha vizuri. Ukimshika wiki ya 28, daktari anachagua kati ya mama na mtoto wa kilo moja, katika wilaya ambayo kumtunza mtoto wa kilo moja ni kazi kubwa mno.

*Presha inaonekana mwezi wa nane. Kilichoisababisha kilitokea kabla tumbo halijaonekana.*

Seli zinazoingia mwilini mwa mama

Siku sita au saba baada ya yai kurutubishwa, mimba changa hujishikiza kwenye ukuta wa tumbo la uzazi. Seli za tabaka lake la nje, ziitwazo trofoblasti, hugawana kazi. Baadhi hubaki na kujenga matawi ya kondo yatakayolowa damu ya mama. Nyingine hujitoa kwenye kundi na kuanza kutembea, moja moja na kwa makundi, kuingia ndani ya mwili wa mama mpaka theluthi ya kwanza ya msuli wa tumbo la uzazi.

Zinachofuata ni ateri nyembamba za mama zilizojisokota. Zikifika huvunja msuli wa ukuta wa ateri na kukaa mahali pake. Mshipa uliokuwa ukibana na kuachia kwa amri ya mwili wa mama huwa mrija mpana usiobana tena. Ndiyo maana mimba inapokaribia kutimia tumbo la uzazi hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kazi hii huanza wiki za mwanzo kabisa, na kufikia wiki ya 20 au karibu na hapo, sehemu yake kubwa imekwisha.

Mwaka 1967 daktari wa Kibelgiji Ivo Brosens na wenzake W. B. Robertson na H. G. Dixon walieleza jinsi mishipa iliyo chini ya kondo inavyobadilishwa katika mimba ya kawaida. Mwaka 1972 walionyesha kwamba kwa wanawake wenye priklampsia mabadiliko hayo hayakukamilika. Seli zilikuwa zimeishia njiani na ateri zimebaki nyembamba.

Kondo linalolishwa na ateri nyembamba hupata damu kwa shida. Nalo hujibu kwa kumwaga kwenye damu ya mama protini zinazoumiza utando wa ndani wa mishipa yake, mojawapo ikiitwa sFlt1. Mishipa ikiumia, presha hupanda, figo huvujisha protini, ini huchubuka, ubongo huvimba. Mama anaugua kwa sababu ya kazi iliyoachwa nusu miezi mitano iliyopita.

Hapo ndipo swali linapoanza kuuma: kwa nini seli ziliishia njiani?

Milango ya ioni

Seli haina miguu. Ili isogee inapaswa kubadili umbo lake mwenyewe, na hilo hulifanya kwa chumvi.

Nje ya kila seli ya binadamu kuna sodiamu nyingi. Ndani kuna potasiamu nyingi. Kalsiamu iliyo huru ndani ya seli ni pungufu kuliko ya nje kwa karibu mara elfu kumi. Tofauti hizo hulindwa na utando wa seli, na kwenye utando kuna protini zilizotoboka katikati, kila moja ikiruhusu aina yake ya chembe yenye chaji, yaani ioni. Hizo ndizo milango ya ioni. Baadhi hufunguka kwa umeme, baadhi kwa kemikali, baadhi kwa kuvutwa au kusukumwa.

Mwaka 1976 Wajerumani Erwin Neher na Bert Sakmann walibandika ncha ya bomba jembamba la kioo juu ya utando wa seli na kupima umeme unaopita kwenye mlango mmoja peke yake. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Mwaka 2010 maabara ya Ardem Patapoutian, Marekani, ilizitomasa seli kwa kijiti cha kioo mpaka ikaupata mlango unaofunguka kwa mguso, ukaitwa PIEZO1. Naye alipata Nobel, mwaka 2021.

Seli inayotembea huigawa milango yake mbele na nyuma. Upande wa mbele huingiza sodiamu. Maji huifuata, na ukingo wa mbele huvimba na kunyooka. Upande wa nyuma kalsiamu hupanda. Hiyo hufungua milango ya potasiamu, potasiamu hutoka pamoja na kloraidi, maji hufuata, na mkia hunywea. Kalsiamu hiyohiyo huamsha misuli midogo ya ndani inayovuta mkia, na vimeng'enya vinavyokata mahali seli ilipojishikiza. Mbele inatangulia, nyuma inajikusanya, mfano wa konokono. Mjerumani Albrecht Schwab wa Münster ndiye mmoja wa waliotumia miaka mingi kueleza hatua hizi, na makala yake na wenzake ya mwaka 2012 bado ni lango la somo hili.

Je, seli za kondo nazo hutembea hivyo? Jaribio la kulijua hilo ni rahisi kulieleza. Seli huoteshwa kwenye sahani ya plastiki mpaka zifunike sakafu yote. Mtafiti hupitisha ncha ya bomba katikati na kuchora mkwaruzo ulionyooka. Seli zilizo ukingoni hugundua kuwa upande mmoja hauna jirani, na huanza kuujaza. Kamera hupiga picha kila baada ya saa kadhaa, mtafiti akipima pengo lililobaki.

Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Argentina, Basilio Kotsias na Silvana del Mónaco wakiwamo, lilifanya jaribio la namna hii kwa seli za BeWo, ambazo asili yake ni kansa ya kondo. Walipoziba mlango wa sodiamu uitwao ENaC kwa dawa ya amiloraidi, seli zilichelewa kuufunga mkwaruzo. Dawa hiyo ni ya zamani, hutumika kukojoza wagonjwa wa presha. Mlango ulipofungwa, safari ilipungua kasi.

Tangu hapo milango mingine imehusishwa na seli za trofoblasti, ya kalsiamu, ya potasiamu na ya kloraidi. Watafiti wa Leeds, Uingereza, nao mwaka 2018 waliripoti kuwa PIEZO1 ipo na inafanya kazi kwenye mishipa ya upande wa mtoto ndani ya kondo, ikihisi msukumo wa damu.

Wanaobishana na wanachobishania

Isidhaniwe kwamba wataalamu wote wamekubali kuwa milango ya ioni ndiyo mzizi wa mambo. Wapo wenye hoja nyingine, na hoja yenye nguvu zaidi katika ukanda wetu ilitoka Kampala.

Annettee Nakimuli, daktari wa uzazi wa Chuo Kikuu cha Makerere, alifanya utafiti katika Hospitali ya Mulago akishirikiana na Ashley Moffett wa Cambridge. Wao waliangalia seli za ulinzi za mama zinazojazana kwenye ukuta wa tumbo la uzazi mwanzoni mwa mimba. Seli hizo haziui trofoblasti. Huzipima na kuziachia ziende hadi wapi. Jeni za mama zinazotengeneza vipokezi vya seli hizo, zikikutana na jeni fulani ambazo mtoto amerithi kwa baba, zinaweza kuibana safari. Mwaka 2015 walichapisha kwamba miongoni mwa wanawake wa Uganda kuna sehemu ya jeni isiyopatikana kwa Wazungu ambayo humlinda mama dhidi ya priklampsia. Hiyo ni kazi ya kujivunia. Ilimweka mwanamke wa Kiafrika katikati ya swali ambalo kwa miaka mingi liliulizwa kwa wanawake wa Ulaya peke yao.

Kundi la tatu, ambalo Basky Thilaganathan wa London ni miongoni mwa sauti zake, linasema kondo linabeba lawama isiyo yake. Moyo na mishipa ya mama ndiyo inayoshindwa kuhimili mzigo wa mimba.

Kwa maoni yangu, hoja hizi hazifutani. Seli ya ulinzi ikitoa amri ya kwenda au kusimama, amri hiyo lazima iifikie seli ya trofoblasti na kuisogeza, na hakuna seli inayosogea bila kuingiza na kutoa chumvi zake. Udhaifu wa somo la milango uko kwingine. Majaribio mengi yamefanywa kwa seli za kansa au seli zilizobadilishwa ziishi maabara milele. Seli ya kansa ina tabia ya kutembea ovyo. Ya kondo hutembea kwa mpaka. Vifaa bora vimeanza kupatikana: mwaka 2018 Wajapani walifanikiwa kuotesha seli mama za trofoblasti ya binadamu, na mwaka huohuo Margherita Turco na wenzake wa Cambridge wakaotesha vijikondo vidogo kwenye sahani.

Ubishi mkali zaidi hauko maabara. Uko kwenye bajeti. Mtu wa wilaya atauliza, na ana haki ya kuuliza: mashine ya presha ya zahanati imekufa betri, vijiti vya kupimia mkojo vimeisha, na mnatuletea habari za milango ya seli?

Jibu linaanzia kwenye kabati ya dawa.

Chumvi inayotuliza degedege

Mama akiletwa anatupwatupwa, muuguzi humlaza kwa ubavu, husafisha njia ya hewa, hutafuta mshipa. Dawa ya kwanza ni magnesiamu salfeti. Gramu 4 huingizwa mshipani polepole, dakika tano au zaidi, mkono ukiwa kwenye bomba na jicho kwenye kifua cha mgonjwa. Kisha gramu 5 kwenye kila tako, zikiwa zimechanganywa na ganzi kwa sababu sindano hiyo inauma vibaya. Kila saa nne huongezwa gramu 5, lakini si kabla ya muuguzi kugonga chini ya pia ya goti kuona kama mguu unaruka, kuhesabu pumzi na kupima mkojo kwenye mfuko. Mguu usiporuka, dawa imezidi. Kiuasumu chake, kalsiamu glukoneti, huwa pembeni kikisubiri.

Hiyo glukoneti inasema mengi. Magnesiamu hutuliza kwa kuingia kwenye njia ya kalsiamu: huziba milango ambayo kalsiamu ingepitia kwenye neva na misuli ya mishipa. Ikizidi, unairudisha kalsiamu ishindane nayo. Nifedipini, kidonge cha presha kinachotolewa kwa wajawazito, nayo huziba milango ya kalsiamu kwenye misuli ya mishipa. Kwa hiyo muuguzi wa Newala anafungua na kufunga milango ya ioni usiku wa manane kwa miaka mingi sasa.

*Muuguzi wa Newala anafungua na kufunga milango ya ioni usiku wa manane kwa miaka mingi sasa.*

Magnesiamu ilipata heshima yake baada ya majaribio makubwa. Lile la Magpie, lililochapishwa mwaka 2002, lilihusisha wanawake 10,141 katika nchi 33. Waliopewa magnesiamu walipungukiwa na hatari ya degedege kwa asilimia 58. Dawa ni ya bei nafuu, haihitaji friji, inakaa kwenye kituo cha afya. Lakini haigusi ateri zilizobaki nyembamba. Inamvusha mama mpaka kondo litoke, basi.

Tunaloweza kutamani ni dawa inayofanya kazi kabla. Aspirini ndiyo iliyokaribia. Jaribio la ASPRE la mwaka 2017 lilitumia miligramu 150 kila usiku kuanzia wiki ya 11 hadi 14 kwa wanawake walioonekana kuwa hatarini, na priklampsia ya kabla ya wiki ya 37 ikapungua kwa asilimia 62. Ikianza baada ya wiki ya 16, faida yake hufifia, na kwa mtu aliyesoma habari ya seli zinazosafiri hilo linaeleweka mara moja.

Kalsiamu ya vidonge ni nyingine, na hapa Tanzania imetoa jibu lake yenyewe. Majaribio mawili ya wanawake 11,000 kila moja, moja Bengaluru, India, jingine Dar es Salaam, yalilinganisha miligramu 500 kwa siku na miligramu 1,500 ambazo zilikuwa zikipendekezwa. Matokeo yalichapishwa Januari 2024. Jijini Dar es Salaam priklampsia iliwapata asilimia 3.0 ya waliotumia dozi ndogo na asilimia 2.7 ya waliotumia dozi kubwa. Watafiti walihitimisha kuwa dozi ndogo haikuwa duni kwa kinga hiyo. Kidonge kimoja badala ya vitatu ni tofauti kubwa kwa mwanamke anayetembea saa mbili kufuata kliniki, na kwa halmashauri inayolipia vidonge hivyo.

Wiki ambazo hatuko

Tatizo ni kalenda. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2015/16, ni asilimia 24 tu ya wajawazito waliohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Wengi hufika mwezi wa tano au wa sita. Kadi inafunguliwa, presha inapimwa, damu inachukuliwa, SP ya kuzuia malaria inamezwa, chandarua kinatolewa. Seli za kondo zimekwisha fika zilikokuwa zikienda, au zimekwisha shindwa.

Sababu za kuchelewa zinajulikana kwa kila anayeishi huku. Mimba changa haitangazwi. Shamba halisubiri, na msimu wa korosho hausubiri zaidi. Mwingine anaogopa kurudishwa kwa kuwa hakuja na mwenza. Mwenye mimba ya nne anajiona mzoefu, na mwenye ya kwanza, ambaye hatari yake ya kifafa cha mimba ni kubwa zaidi, mara nyingi ni binti mdogo anayeficha.

Naamini unyago una nafasi hapa. Makungwi wa Kimakonde, Kiyao na Kimakua wanamfundisha msichana mambo ya mwili kabla ya mtaalamu yeyote wa wizara kumfikia. Kungwi akimwambia mwali kwamba siku mwezi unapopita bila damu aende zahanati, hataki kusikia habari za mwezi wa tano, neno lake lina uzito ambao bango la ukutani halina.

Makondo ya Afrika Mashariki yamewahi kuifundisha dunia

Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha, kwa makondo yaliyokusanywa Kisumu, Kenya, jinsi seli nyekundu zenye vimelea vya malaria zinavyong'ang'ania kwenye kondo kwa kunasa sukari fulani. Ugunduzi huo ndio msingi wa juhudi za kutengeneza chanjo ya malaria ya wajawazito. Mwaka 2006 kutoka Muheza, mkoani Tanga, watafiti hao pamoja na Atis Muehlenbachs na Mtanzania Theonest Mutabingwa walieleza uhusiano kati ya malaria ya kondo na presha kwa wanawake wenye mimba ya kwanza, wakiitaja ile protini ya sFlt1. Malaria, presha na kondo vilikutana kwenye beseni moja.

Hapo ndipo mtu wa Masasi na Newala anapopaswa kukaa vizuri asikilize. Mwaka 2018 maabara ya Patapoutian ilichapisha kuwa karibu theluthi ya watu wenye asili ya Afrika wana toleo la jeni ya PIEZO1 linalouchelewesha mlango huo kufunga. Seli zao nyekundu hupoteza maji kidogo, na kimelea cha malaria hupata shida ndani yake. Mlango huohuo, wa kuhisi msukumo, upo kwenye mishipa ya kondo.

Je, theluthi hiyo ya wanawake wana kondo ambalo seli zake zinasafiri tofauti? Lina nafuu au lina hasara? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa seli za kansa zilizooteshwa Buenos Aires, wala kwa wanawake wa London. Linahitaji makondo ya mahali ambako malaria, mimba za kwanza za mabinti na kifafa cha mimba vinaishi pamoja. Yanazaliwa kila usiku kutoka Lulindi hadi Kitangari, na kila usiku yanatupwa.

*Swali la PIEZO1 linahitaji makondo ya mahali ambako malaria na kifafa cha mimba vinaishi pamoja.*

Sisemi kila kituo kigeuzwe maabara. Hospitali mbili au tatu za kusini, zikiwa na friji ya baridi kali, muuguzi aliyefundishwa kukata kipande cha saizi ya punje ya harage na kukihifadhi, na uhusiano wa kudumu na maabara za Ifakara au Muhimbili, zingetosha kuanza. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya jengo moja. Na isiwe badala ya mashine za presha. Anayependekeza kukata huku ili kupeleka kule hajawahi kumwona mama akiwa kwenye degedege.

Liko jambo la ruhusa, nalo si dogo. Ziko familia zinazolichukua kondo na kulizika nyumbani, na zina haki hiyo. Sheria na taratibu za nchi zinataka utafiti wa afya upate kibali cha kimaadili, na sampuli zisivuke mpaka bila mkataba unaosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Lakini kibali cha kwanza ni cha mama. Hawezi kuombwa akiwa kwenye uchungu, akisema ndiyo kwa kila kitu ili aachwe apumue. Anapaswa kukaa na mkunga mapema, aelezwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwao kipande kitakwenda wapi, nani atakitumia, na majibu yatamrudia nani. Mazungumzo hayo yanawezekana kwenye kliniki ya kabla ya wiki ya 12, kliniki ileile ambayo aspirini ingeanzia, na ambayo, kwa hesabu ya utafiti wa 2015/16, wanawake watatu kati ya wanne hawakuifikia.